Kutoka Lumumba hadi Mlimani: tathmini ya matembezi ya historia ya wanafunzi Dar es Salaam

Jumamosi iliyopita nililipa shilingi 40,000 kujiunga na matembezi ya historia yanayoendeshwa na kikundi kidogo cha vijana wa Dar es Salaam, ambao huwachukua watu wasiozidi kumi na watano kutoka Mtaa wa Lumumba hadi Mlimani na kuwasimulia jinsi uhuru ulivyozaa chuo kikuu, kisha jinsi wanafunzi wa chuo hicho walivyogombana na serikali ya uhuru huohuo. Matembezi ya aina hii niliyowahi kuhudhuria yalitengenezwa kwa ajili ya watalii na kusimuliwa kwa Kiingereza hata pale wasikilizaji wote walipokuwa wenyeji. Haya yaliendeshwa kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, tena Kiswahili cha mtu aliyeisoma habari yake akaielewa, na nawashukuru waandaaji kwa hilo kabla ya kusema lolote jingine.

Tulianzia upande wa Mnazi Mmoja, tukiwa tumeyapa uso majengo ya Lumumba. Kiongozi wetu, dada mmoja anayefundisha historia sekondari, alitueleza kwamba Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mtaa huo tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita na siku chache kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa, ndani ya jengo la TANU, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, kwa kuwa nchi ilikuwa karibu haina mwanasheria Mwafrika. Shahada yenyewe ilikuwa ya London. Kwa hiyo kijana aliyeingia pale asubuhi alisoma mtaala wa Waingereza ndani ya nyumba ya chama kilichokuwa kinawaondoa Waingereza, na alipotoka jioni alikutana ngazini na wanachama waliokuja kulipia kadi. Dada alitoa picha hiyo moja tu, akanyamaza, akatuachia nafasi ya kuuliza, nami nikajua tumepata kiongozi mzuri.

Kutoka hapo tulipanda Costa ya kukodi kwenda Mlimani, chuo kilikohamia mwaka 1964 kikiwa tayari ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Kuhusu safari yenyewe sina mengi: foleni ya kawaida, maji ya chupa yalitosha, viti vilikuwa safi.

Mbele ya ukumbi wa Nkrumah, dada alifungua pochi akatoa noti ya shilingi 500, ile yenye picha ya ukumbi huo na ambayo sasa imekuwa sarafu, akaizungusha mkono kwa mkono. Ilikuwa imelainika kama kitambaa, pembe moja imekunjika, lakini paa la ukumbi lilionekana vizuri. Kijana mmoja aliyemaliza chuo hichohicho miaka mitatu iliyopita aliishika noti, akainua macho kulitazama jengo, akairudia noti, akasema alikuwa akiipokea kama chenji kwenye daladala miaka yote ile bila kujua ni jengo gani. Kwa kuonyesha namna taifa lilivyokiweka chuo chake kati ya alama zake, sambamba na wanyama na viongozi, sijaona kifaa cha kufundishia kilichokuwa rahisi na sahihi kuliko hicho.

Sehemu iliyofuata ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Tarehe 22 Oktoba 1966, siku tatu kabla chuo hakijatimiza miaka mitano, wanafunzi wa Mlimani pamoja na wenzao wa vyuo na shule nyingine waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Utumishi ulikuwa wa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mhitimu angepokea asilimia 40 tu ya mshahara wake. Waliandamana wakiwa wamevaa majoho ya chuo. Bango mojawapo lilidai kwamba afadhali enzi za ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwapokea, akawasikiliza, kisha akawafukuza wote, 393 kwa hesabu inayotajwa zaidi, wakaamriwa kurudi makwao.

Waongozaji wengi wangeishia hapo, kwa kumpa ushindi Mwalimu au kuwapa wanafunzi. Dada huyu alikwenda mbele. Alieleza kwamba wanafunzi walikuwa na hoja: waliwaona wakubwa wa naizesheni, yaani Waafrika waliopewa nafasi za Wazungu serikalini, wakirithi nyumba, magari na mishahara iliyopangwa kwa ajili ya Wazungu, kisha wao wakaambiwa wajinyime. Mwalimu aliipinga dharau iliyokuwa kwenye bango, lakini ile hoja ya mishahara ilimwingia. Papo hapo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Chini ya miezi minne baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na miiko yake ya uongozi. Siwezi kusema kwamba maandamano yale ndiyo yaliyoleta Azimio, na dada hakusema hivyo, lakini yeyote anayetaka kuelewa kwa nini Utanzania wa miaka ile ulijengwa juu ya swali la nani anakula nini, aanzie kwenye majoho yale.

Katika kundi letu alikuwepo mzee mmoja aliyekuwa shule ya msingi mwaka ule. Binti wa mwaka wa pili alimwamkia, akamuuliza, "Mzee, nyumbani kwenu mlikuwa upande wa nani?" Mzee akajibu bila kusita, "Mjukuu wangu, baba alikuwa analima pamba Maswa. Aliposikia kwenye redio alisema hao watoto wamesomeshwa kwa pamba yangu, halafu wanakataa kushika jembe." Kisha akaongeza kwamba yeye mwenyewe alikwenda JKT kwa mujibu wa sheria miaka ya sabini, na chenja, zile nyimbo za mchakamchaka, bado anazikumbuka. Dada hakumkatiza. Aliacha dakika kama kumi hivi kundi lizungumze na mzee, nami naamini dakika hizo zilikuwa na thamani kuliko kiingilio chote.

Kasoro ipo, na ni kubwa. Baada ya 1966 masimulizi yalikwenda mbio. Chama cha wanamapinduzi wa Kiafrika hapo chuoni, kilichofahamika kwa kifupi USARF, kilitajwa kwa sentensi mbili, na jarida lao la Cheche kwa moja, ilhali vyote viwili vilipigwa marufuku mwishoni mwa 1970, chuo kikiwa na miezi michache tu tangu kiwe Chuo Kikuu kamili cha taifa. Halikutajwa kabisa jambo ambalo kwangu ndilo kiini: kwamba mwenyekiti wa USARF alikuwa Yoweri Museveni, Mganda, na kwamba rais wa wanafunzi aliyekamatwa na kuondolewa chuoni Julai 1971 baada ya barua yake kwa uongozi, Symonds Akivaga, alikuwa Mkenya. Vijana hawa hawakujiona wageni Dar es Salaam. Mji ulikuwa na ofisi za wapigania uhuru wa kusini, Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa hapa, Walter Rodney wa Guyana alikuwa akifundisha palepale, na wengine wao walikwenda kujionea maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO Msumbiji. Kuvunjika kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1970 kulimrudisha kila mmoja kwenye pasipoti yake. Matembezi yanayoahidi kueleza uhuru na utaifa, yakamsahau Mkenya na Mganda, yanawaacha wasikilizaji wakidhani kwamba mpaka wa taifa ulikuwa dhahiri tangu siku ya kwanza, wakati wanafunzi wale walikuwa bado wanabishana ulipo.

Sababu ya haraka hiyo ilikuwa muda. Saa nzima ya mwisho ilitumika kwenye chakula cha mchana, wali na samaki wa kukaanga, kitamu kweli, ila nusu saa ingetosha, na nusu iliyobaki tungekwenda kuketi Revolution Square hapo chuoni, ambako habari ya Akivaga ingepata mahali pake. Nilimwambia dada hivyo kwa heshima tulipokuwa tunaagana, akaandika kwenye daftari lake, akaniomba nimtumie majina ya waliokuwepo chuoni miaka ile ninaowafahamu.

Bei ni ya haki kwa kazi inayofanyika, na wanafunzi hulipa nusu. Mkutano ni saa mbili asubuhi, nao huondoka kwa wakati, kwa hiyo anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto aamke mapema. Vaeni viatu vya kutembelea, kwani kupanda kilima kwenda Nkrumah hakuna kivuli cha maana, na msibebe ndizi mkononi, maana tumbili wa Mlimani hawaombi. Mwenye mzazi au babu aliyepita JKT miaka ile amlipie aje naye.