Control Resonant inakuja: ununue mashine gani, na kwa nini uanze kuangalia tundu la CD

Tangu kampuni ya magemu ya Remedy ilipolitangaza gemu lake jipya, Control Resonant, mwezi wa Disemba 2025, malalamiko ya wanunuzi wa Unguja na Pemba ni yale yale. Mtu kadunduliza pesa zake, kenda mjini kanunua PS5 "safi kabisa", kapanda nayo boti mpaka Mkoani, kaifungua nyumbani na CD mkononi. Kaigeuza juu, kaigeuza chini, tundu hamna. Kauziwa ya dijitali, ile ya kupakua magemu tu, kwa bei ya ile ya CD, na aliyemuuzia anasema "hukuuliza".

Hamu ya gemu hili ni ya haki kabisa. Control ya kwanza ilitoka tarehe 27 Agosti 2019: Jesse Faden anaingia Oldest House, jengo la idara ya siri huko New York ambalo vyumba vyake vinajigeuza vyenyewe, limekaliwa na kitu kisichoonekana kinachoitwa Hiss, naye anaokota viti, mawe na mitungi kwa nguvu za akili na kuwarushia waliopagawa. Safari hii ni zamu ya mdogo wake, Dylan, na uwanja ni Manhattan iliyopinda na kukunjika, na silaha yake inabadilika umbo mkononi. Visiwa vilivyolelewa na habari za mizimu na vibwengo vitalielewa gemu hili bila kuelezwa. Limetangazwa kutoka 2026 kwa PS5, Xbox Series X na S, kompyuta na Mac. PS4 haimo.

Habari za 4K na uzuri wa picha zimeandikwa kila mahali, sina la kuongeza. Hapa ni tundu la CD, kwa sababu ndilo linaloamua kama mashine itakufaa kisiwani au itakuwa pambo la sebuleni.

Tufanye hesabu. Alan Wake 2, gemu la Remedy hao hao, inataka GB 90 kwenye kompyuta. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde isiyoyumba hata kidogo, hizo ni saa 20 za kupakua. Kwa megabiti 4, ambazo ndizo wengi wanazopata jioni kila mtu akiwa mtandaoni, ni saa 50. Umeme usikatike, bando lisiishe. CD moja ya PS5 inabeba mpaka GB 100 na inajinakili kwenye mashine bila kula hata shilingi ya bando. Utakachopakua ni masahihisho tu. Na ukishalimaliza gemu, CD unaiuza au unabadilishana na mwenzio. Gemu ulilopakua limefungwa kwenye akaunti yako, halendi popote.

Kuna na suala la akaunti. Tanzania haimo katika nchi za PlayStation Store, kwa hiyo watu wanafungua akaunti ya Marekani, Uingereza au Falme za Kiarabu. Nchi ukishaichagua haibadiliki, na kadi ya kuongezea pesa lazima iwe ya nchi ile ile: kadi ya dola haiingii akaunti ya Uingereza, na ukishaikwangua hairudishwi. Mwenye CD anaruka shida yote hii. CD ya nchi yoyote inacheza kwenye PS5 yoyote. Kinachobagua nchi ni nyongeza za kulipia tu.

1. PS5 Slim yenye CD

Hii ndiyo ninayoipendelea na sifichi. Mimi ni mtu wa PlayStation, lakini hapa sababu ipo kwenye chuma chenyewe. Tundu la CD la Slim, yaani PS5 nyembamba, linachomoka. Likifa, unanunua jingine na kulichomeka. Kwenye PS5 ya mwanzo, ile nene, bodi ndogo ya tundu la CD imefungwa kielektroniki na bodi kuu ya mashine ile ile. Ukipachika tundu la mashine nyingine, CD inaingia, inazunguka, na haisomeki. Fundi anakurudishia pesa au hakurudishii, lakini mashine yako imeshageuka ya dijitali.

Slim nayo ina sharti lake: tundu likichomekwa mara ya kwanza linataka intaneti ili litambuliwe na mashine. Ni dakika chache na data kidogo, hotspot ya simu inatosha. Ila lifanyike dukani, mbele yako. Muuzaji akisema "utaunganisha nyumbani", mwambie akuwekee hotspot hapo hapo. Diski yake ya ndani ni TB 1, na unayoitumia ni kama GB 842, zaidi ya ile nene yenye GB 667.

Usiangalie picha ya boksi, soma namba ya modeli kwenye kibandiko cha mashine. Kwenye CFI-2000 na CFI-2100, herufi A inayofuata ni yenye CD, B ni ya dijitali. Boksi linabadilishwa dukani. Kibandiko kwenye mashine ni kazi zaidi kukibadilisha.

2. PS5 nene iliyotumika, yenye CD

CFI-1016A, 1116A na 1216A ni za Ulaya. Zenye 15 mahali pa 16 ni za Marekani. Zote zinakubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme wetu hauzidhuru. Ni mashine nzuri, na gemu litacheza sawasawa na kwenye Slim. Lakini kwa sababu hiyo niliyoeleza, ya bodi ya tundu kufungwa na bodi kuu, huinunui bila kuijaribu CD, na jaribio lenyewe si la kuingiza na kutoa tu.

Nenda na CD yako ya PS5, si ya PS4 wala DVD ya sinema, kwa sababu CD za PS5 zina tabaka nyingi na lensi iliyochoka inaweza kusoma DVD vizuri ikashindwa na hizi. Iliyo bora ni Control Ultimate Edition ya PS5: inakupa jaribio na hadithi ya kwanza pamoja na nyongeza zake mbili, kabla ya kuja hii mpya. Angalia kasha liwe la PS5. Control ya kawaida ya PS4 itacheza, lakini kama gemu la PS4, na haikupi haki ya toleo la PS5.

Laza mashine, uso wa CD wenye picha ukiwa juu. Isukume nusu, inatakiwa ivutwe yenyewe bila kusita. Ikikwama na kurudi, mpira wa kuvutia umelainika au umeshika mafuta na vumbi. Jina la gemu likitokea, usikubali muuzaji akwambie "umeona?" Liache linakili kwa dakika kumi angalau, kwa sababu lensi mbovu huanza vizuri ikashindwa mbele. Mvumo wa kuzunguka ni wa kawaida. Mlio wa tak-tak unaojirudia na namba ya kunakili ikiwa imesimama, ondoka. Kisha itoe na kuirudisha mara tano. Mwisho izime kabisa, chomoa waya, iwashe tena CD ikiwa ndani, uone kama inaikumbuka.

Jaribu hili mashine ikiwa imetulia. Ukiitoa kwenye duka lenye kiyoyozi cha baridi kali ukaiingiza kwenye joto la masika, mvuke unaganda kwenye lensi na CD nzuri itakataliwa. Toa CD, iache saa kadhaa ikauke bila kuiwasha. Wapo waliokimbilia kwa fundi siku hiyo hiyo, fundi akafungua mpaka kwenye kipoozeo. Na huko ndiko balaa liliko: PS5 haina pesti nyeupe ya kupoozea kama PS4, ina metali ya maji inayopitisha umeme. Ikimwagika kwenye bodi, umeipoteza mashine. Fundi anayekwambia ataisafisha na kupaka pesti mpya kama alivyozoea kwenye PS4, mshukuru na uichukue mashine yako.

Tazama pia tundu la HDMI, la waya wa TV, kwa tochi ya simu. Pini zilizopinda, au ukungu wa kijani wa chumvi kwenye chuma, ni dalili kwamba imekaa karibu na bahari bila kufunikwa.

3. Xbox Series X nyeusi

Nguvu inayo, TB 1 inayo, tundu la CD inalo. Naiweka ya tatu kwa sababu CD zake zilizotumika ni za kutafuta kwa tochi hapa kwetu, na mashine inataka intaneti kabla hujafanya chochote mara ya kwanza. Angalia rangi: Series X nyeupe iliyotoka 2024 haina tundu la CD.

4. PS5 Pro

TB 2, picha nzuri kupita zote, na haina tundu la CD mpaka ulinunue kando. Kwa pesa hiyo, nunua Slim na UPS, ile betri ya kushika umeme ukikatika, na chenji itabaki.

5. Kompyuta

Ni ya mwenye intaneti ya uhakika, kwa sababu CD hakuna. Alan Wake 2 ilianzia kadi ya picha ya RTX 2060 na RAM ya GB 16, na mwenye kadi za GTX za zamani aliona taabu. Usitegemee hili jipya litakuwa jepesi zaidi. Laptop ya GTX 1050 yenye taa za rangi kwenye kibodi si ya gemu hili, hata ikiandikwa "gaming" kwa dhahabu.

Za bei rahisi

Xbox Series S haina tundu, na kati ya GB 512 zake unapata kama 364. PS4 usiinunue kwa ajili ya gemu hili. Hata Control ya kwanza iliitesa PS4 ya kawaida, picha zikikwama kila ukitoka kwenye menyu.

Sasa bei, maana hili linaudhi kweli. PS5 ya CD ilianza Novemba 2020 kwa dola 499.99 Marekani, na Agosti 2025 ikapandishwa hadi 549.99. Mashine yenye umri wa miaka mitano inapanda bei, na hapo haijalipiwa meli wala ushuru. Hilo muuzaji wa soko la Darajani, mjini Unguja, hana kosa nalo. Kosa lake ni kuuza ya dijitali kwa bei ya CD. Huko Marekani baada ya kupanda, tofauti ya hizo mbili ilikuwa dola 50, na tundu la kuchomeka peke yake ni kama dola 80. Ukionyeshwa ya dijitali, anza kupunguza kutoka kwenye bei ya tundu, na usione haya.

Kosa la pili ni lile la "PS5 na gemu ishirini ndani, bure". Gemu hizo ziko kwenye akaunti ya muuzaji. Siku atakapobadilisha nywila au kuihamisha akaunti kwenye mashine nyingine, zote zinafungwa, nawe huna wa kumlalamikia. Gemu hizo zihesabu kuwa ni sifuri unapopatana bei. Risiti iandikwe namba ya modeli na namba ya utambulisho ya mashine (serial number), pamoja na maneno "imejaribiwa CD". Anayekataa kuandika hayo anajua kwa nini anakataa.

Na usitoe pesa ya kuagiza CD ya Control Resonant mapema kwa ahadi ya mdomo. Alan Wake 2 ilitoka Oktoba 2023 kwa kupakua tu; CD ikaja baada ya mwaka mzima. Yapo na makasha ambayo ndani yake hamna CD, ni karatasi yenye namba ya kupakulia. Ikifika dukani, soma kasha mbele na nyuma, na likishalipiwa lifungue hapo hapo kaunta kabla hujatoka.