Anemoni zulia aina ya haddoni, hapa Lubumbashi: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano kwa mnyama mwenyewe, mbili tu kwa maelezo ambayo kwa kawaida huja naye. Stichodactyla haddoni, mnyama laini wa baharini mwenye umbo la ua, huuzwa kama pambo, makao ya samaki klauni. Huyu ni mwindaji. Akitanuka hufikia upana wa sentimita 50 na zaidi, hunata kama ulimbo, na humeza samaki mzima aliyemgusa. Akwariumu hujengwa kwa ajili yake. Usimtafutie nafasi iliyobaki kati ya matumbawe.

Yangu ina sentimita 120 kwa 60 kwa 60, lita 430 hivi, na sampu (tangi la kuchujia maji) chini yake yenye kichuja povu, kinachotoa uchafu kwa mapovu. Ndogo zaidi ya hiyo siishauri. Mchanga uwe laini, kina sentimita 12, kwa sababu haddoni huzika mguu wake na kuushikiza kwenye kioo cha chini au jiwe lililofukiwa. Changarawe yenye makali hukwaruza mguu, na jeraha la mguu ni mlango wa bakteria. Maji na mawe yakomae miezi sita kwanza.

Vipimo ninavyoshika: joto nyuzi 25 hadi 27, chumvi (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu) 1.025 hadi 1.026, alkali 8 hadi 10 dKH (kipimo cha uwezo wa maji kuhimili asidi), kalisi ppm 400 hadi 450, nitrati chini ya ppm 10 (ppm ni sehemu kwa milioni), amonia na nitriti sufuri. Kubwa kuliko yote ni utulivu. Nitrati ikipanda kidogo atavumilia. Chumvi ikipanda na kushuka kila siku, hapana. Kiangazi chetu ni kikavu, maji hupungua upesi, na kinachopotea ni maji matupu: jazia maji yasiyo na chumvi. Kila wiki nabadilisha lita 40, chumvi kilo 1.5 hivi, kisha napima kwa refraktometa, kifaa cha kupimia chumvi, kabla ya kumimina. Maji yapite kwenye chujio la osimosi hadi TDS, yaani kipimo cha vitu vilivyoyeyuka majini, isome 0. Mji wetu unaishi kwa shaba, lakini kwa anemoni shaba ni sumu, hata chembe. Mabomba yawe ya plastiki, na dawa yoyote ya samaki yenye shaba isikaribie maji haya.

Sasa jambo linaloua wengi hapa: umeme kukatika. Tuko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko pwani. Pampu zikisimama, akiba hiyo ndogo huisha haraka. Batri ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inatoa Wh (wati-saa) 600. Pampu ya mawimbi ya wati 25 itazunguka usiku kucha na ziada itabaki. Hita usiiunganishe hapo: hita mbili za wati 200 zitaimaliza batri kwa saa moja na nusu. Usiku wa Juni na Julai, umeme ukiondoka, zungushia kioo mablanketi pande zote, juu pabaki wazi ili hewa iingie, na uelekeze pampu usoni pa maji. Chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri husaidia pia. Hita ziwe mbili, kila moja na kidhibiti chake, kwa maana hita moja iliyoganda ikiwa imewaka huwapika wote.

Kuchagua ndipo nusu ya kazi. Mguse: asiponata, mwache. Mdomo uwe umefumba, mguu usiwe umechanika, rangi iwe kahawia au kijani. Mweupe kama karatasi amepoteza mwani unaomlisha. Wa njano kali mara nyingi amepakwa rangi. Vaa glavu, anachoma. Mzoeze maji yako kwa kuyadondosha matone kwenye chombo chake dakika 60 hadi 90, zima pampu nusu saa ashike chini, na taa zianze kwa nusu ya nguvu, uzipandishe ndani ya wiki tatu. Ziba midomo ya pampu zote kwa sponji, maana asiporidhika hutembea, na pampu humkata vipande.

Akinywea mchana na kuvimba usiku, siku baada ya siku, huo ni ugonjwa wa bakteria, wala si uchovu wa safari. Wafugaji wengi hutumia antibiotiki ya siprofloksasini: miligramu 250 kwa lita 38, kwenye chombo cha pembeni chenye joto na pampu, maji yote yabadilishwe kila siku na dawa iwekwe upya, siku 7 hadi 10. Mwanga huivunja dawa, kwa hiyo zima taa ikiwa ndani. Usiitie kwenye akwariumu kuu. Akianza kunuka na kumeguka, mtoe saa hiyo hiyo, badilisha nusu ya maji na uweke kaboni ya kuchujia, la sivyo amonia itaondoka na wengine.

Chakula: kipande cha sentimita moja cha uduvi au cha Thomson (samaki wa baharini), mara moja kwa wiki. Dagaa wa ziwani na wa chumvi waache jikoni. Kipande kikubwa hukitema usiku, nawe utaamka na maji machafu.

Klauni wa clarkii humkubali vizuri zaidi. Ocellaris wadogo huweza kuliwa. Subiri anemoni akae mahali pamoja mwezi mzima kabla ya kuwaleta, kwa sababu klauni humsugua mchana kutwa, na aliye dhaifu hatatanuka.