Miezi minane nikisaka gitaa kwa Audacity

Zamani nilikuwa najifunza nyimbo kwa kubahatisha. Nasikiliza, nasimamisha, narudisha nyuma, napitiliza, narudisha tena; mpaka kidole kifike kwenye uzi, noti yenyewe imeshanitoka kichwani. Audacity ni programu ya bure, ipo tangu mwaka 2000, na wengi wanaijua kama chombo cha kurekodia. Mimi sijarekodi nayo hata dakika moja. Naitumia kupunguza mwendo wa nyimbo na kurudiarudia vipande, basi.

Wiki ya kwanza nilichanganyikiwa kwa sababu kuna amri mbili zinazokaribiana kwa jina. Moja inapunguza kasi kama kaseti iliyoishiwa betri: ukienda nusu ya mwendo, kila noti inashuka oktava nzima, yaani inabaki noti ileile lakini kwa sauti nzito zaidi. Wapiga gitaa wa enzi za santuri waliishi na hali hiyo; sahani ya mizunguko 33⅓ kwa dakika waliizungusha kwa 16⅔ na kusikiliza solo ikiunguruma kama besi. Amri ya pili inavuta muda bila kugusa noti, na hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta. Asilimia 70 ya mwendo wa kawaida inanitosha karibu kila mara. Nikishuka chini ya 50, ule mdonoo wa ukucha kwenye uzi unatapakaa kama wino kwenye karatasi iliyolowa, sijui tena noti imeanzia wapi. Ile amri ya kwanza nayo sikuitupa. Nikiongeza kasi mara mbili, besi iliyojificha chini kabisa inapanda oktava moja na nasikia kila hatua yake.

Kabla ya kupunguza chochote, tenganisha chaneli ya kushoto na ya kulia. Rekodi nyingi zina solo upande mmoja na rithimu upande wa pili. Nilihangaika siku nzima na magitaa mawili nikidhani ni mtu mmoja mwenye vidole kumi na viwili.

Sasa nije kwenye noti iliyonila jioni mbili. Ilikuwa katikati ya solo, fupi, imebanwa kati ya nyingine mbili. Nikachagua kipande chake, nikafungua mchoro wa masafa, unaoonyesha sauti inatetema mara ngapi kwa sekunde (hezi), mlima ukasimama karibu na hezi 330, na programu ikanitajia kabisa jina la noti: E. Nikapiga uzi wa kwanza bila kubana. Noti ndiyo, sauti siyo. E hiyohiyo ipo uzi wa pili freti ya 5 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa), uzi wa tatu freti ya 9, uzi wa nne freti ya 14, na hezi hazikuambii mkono ulikuwa wapi. Hapo mashine imeishia, linabaki sikio. Uzi wa kwanza ukiachwa wazi unalia kwa ung'avu, unakaribia kuchoma. Uzi wa tatu huko juu shingoni unatoa sauti nene, ya mviringo. Kilichonimalizia ubishi ni mkwaruzo mdogo baada ya noti, kidole kikiteleza kwenda kwenye inayofuata. Uzi ulio wazi hauna kidole cha kuteleza. Nikaenda uzi wa tatu, freti ya 9, na solo nzima ikajipanga yenyewe mkononi.

Mchoro huo huo umeshanipoteza pia. Kwenye wimbo mwingine nilikuta tena mlima wa 330, nikaandika E, nikaipigania, haikukaa. Kumbe besi ilikuwa inapiga A ya hezi 110, na kila noti ya uzi huzaa nyingine juu yake: 220, 330, 440 na kuendelea. Nilikuwa nafukuza kivuli cha A. Tangu siku hiyo mchoro naufungua baada ya kuiimba noti kwa mdomo. Nikishindwa kuiimba maana yake bado sijaisikia, narudi kusikiliza.

Rekodi za zamani wakati mwingine zinaangukia katikati ya noti mbili, kwa sababu mashine ya tepu ilikimbia kidogo au ilisinzia. Sikazi nyuzi, nahamisha wimbo wenyewe kwa senti 30 au 40 (senti mia moja ni hatua ya freti moja) mpaka ulingane na gitaa langu.

Nilijaribu pia huduma moja, siitaji jina, inayochambua wimbo na kukupa kila chombo peke yake. Sauti ya mwimbaji ilitoka safi sana. Gitaa lilitoka na mabaki ya matoazi na nusu ya kinanda, na kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, iliyonisomea ilikuwa E ndogo. Nilipoimwagia rekodi yenyewe sikio niligundua besi ilikuwa kwenye C. C, E, G, B: C kubwa yenye saba kubwa. Ukiondoa besi zinabaki E, G, B, na hiyo kweli ni E ndogo. Kwa mwimbaji wa karaoke inafaa. Kwa kodi siirudii.

Ile solo ya E nimeifikisha asilimia 90 ya mwendo wake, naongeza tano tano. Kumi zilizobaki ni deni la vidole vyangu.