Neti za kushikilia maua: ipi inakupunguzia vibarua?

Malalamiko ninayoletewa na wakulima wa Limuru na Kinangop yanafanana. Mtu ameuziwa neti ya upana wa mita 1.2, ile ya kulaza juu ya tuta ili mashina yapite kwenye matundu yake yasianguke, ameivuta vizuri, mara imenywea na safu za pembeni zimebaki nje. Mvua moja tu, maua ya kaneshoni ya pembeni yanalala njiani. Shina likishapinda halinyooki tena, na broka akiliona analitupa kando kabla hata hujataja bei.

Wengi huuliza bei, rangi na ukubwa wa matundu. Swali linaloamua utalipa vibarua wangapi halimo: neti ikivutwa kwa urefu, upana wake unabaki? Neti ya nyuzi zilizofungwa mafundo, ukiivuta, matundu yake ya mraba hujibana yakawa vipenyo vyembamba, na shina changa hukabwa humo. Ili kuirudishia upana wake inabidi uweke vijiti vya kukingama kila baada ya hatua chache, na kila ukiipandisha unavihamisha vyote upya. Pesa huishia hapo.

Chaguo la kwanza kwangu ni neti ya Hortonova ya Tenax, kampuni ya Italia, na sifichi kwamba naipendelea. Ni polipropilini isiyo na fundo hata moja, na ukiivuta matundu yanabaki mraba. Yana sentimita 15 hivi, kwa hiyo yanafaa zaidi maua ya krisanthemamu na snapdragoni. Kwa kaneshoni zilizopandwa karibu karibu, tafuta neti ya aina hiyo hiyo yenye matundu madogo zaidi.

Ila hata neti nzuri itakuchosha ukiifunga umechelewa. Tandaza matabaka yote ya neti juu ya tuta kabla ya kupanda, moja juu ya jingine, matundu yakilingana, kisha panda miche ndani ya matundu hayo. Neti inakuwa pia kipimo chako cha nafasi, kamba ya kupimia huihitaji. Nguzo za mwisho wa tuta ziwe nene na ziwe na mhimili wa kuziegemeza, maana ndizo zinazobeba mvuto wote. Katikati, vigingi kila mita 2 au 3 vinatosha. Pitisha waya kwenye matundu ya ukingoni, pande zote mbili. Mimea ikirefuka, watu wawili, kila mmoja upande wake, wanainua tabaka la juu kidogo kidogo huku mimea ikipanda nalo, na ya chini yanafuata kwa zamu. Hakuna kuchomeka shina moja moja.

Kazi hiyo fanyeni alasiri. Asubuhi shina la kaneshoni limejaa maji, na ukiligusa vibaya linakatika palepale kwenye kifundo, kipande safi mkononi.

La pili ni wayameshi, ile ya chuma iliyochomelewa. Hainywei kamwe, na kwa kaneshoni inayokaa shambani karibu miaka 2 ina maana. Lakini ni nzito, inadai nguzo za nguvu, na wa kuiinua si watu wawili tena. Kwa maua ya msimu mmoja siishauri.

Nailoni ya mafundo naiweka ya tatu, kwa sababu nilizokwisha kusema. Kusuka uzi kwa mkono juu ya waya ni rahisi kwa pesa, ghali kwa siku za kazi. Kwa tuta moja la nyuma ya nyumba, sawa.

Sasa wauzaji. Neti inapimwa ikiwa imelegea, imetandazwa kwa vidole kaunta, na hapo ndipo hiyo mita 1.2 inapopatikana. Roli hazina lebo, jina la mtengenezaji halipo, urefu unatajwa kwa mdomo. Duka moja la pembejeo lilinikatalia kukunjua hata mita 2, eti nitaichafua. Bei ikipanda wanataja dola. Dola ikishuka hakuna anayeitaja. Mkulima wa matuta machache anauziwa kwa mita, kwa bei inayozidi sana ya roli nzima, kwa hiyo tafuteni jirani mgawane roli. Na kabla ya kulipa, mmoja ashike huku, mwingine kule, vuteni kwa nguvu mbele ya muuzaji, kisha mpime upana neti ikiwa bado imekazwa.