Darasa la Mtume Paulo, Mkunazini: zuri sana, ila Warumi wasiikimbize

Kama Paulo kwako bado ni mtu wa vifungu vya Jumapili tu, nenda darasa la Jumamosi jioni kwenye uchochoro wa Mkunazini, Zanzibar, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Kuingia ni bure. Unachangia shilingi elfu tatu za kopi.

Anayefundisha ni mama mmoja mstaafu, mwalimu wa historia, na hafuati mpangilio wa Biblia. Nyaraka za Paulo zimepangwa zaidi kwa urefu, ndiyo maana Warumi imetangulia na Filemoni iko mkiani. Yeye anaanza na Wathesalonike wa Kwanza, ulioandikwa karibu na mwaka 50, kisha anamfuata Paulo hadi Korintho, alikoshona mahema pamoja na Akila na mkewe Prisila, na kushtakiwa mbele ya liwali Galio. Galio huyo ametajwa kwenye maandishi ya jiwe yaliyopatikana Delphi, Ugiriki, na kwa hayo wanahistoria wanamweka Paulo Korintho karibu na mwaka 51.

Jioni ya Matendo ya Mitume 27, Paulo akipelekwa Rumi kwa bahari akiwa mfungwa, ndiyo iliyonipata hasa. Mimi ni baharia wa majahazi ya mizigo pale Malindi, kwa hiyo nikapewa nisome. Kusi inavuma polepole, wenye merikebu wanaona mambo yamenyooka, wanang'oa nanga kule Krete ingawa Paulo alishawaonya. Mara tufani inawashukia. Wanakifunga chombo kwa kamba kupitia chini, wanatupa shehena. Usiku wa 14 wanapima maji: pima 20 (pima moja ni karibu mita mbili), mbele kidogo pima 15. Nilisita hapo nikawaeleza wenzangu kwamba kina kikipungua hivyo gizani, anachokiogopa baharia ni mwamba. Wanatia nanga nne za tezi, yaani nyuma ya chombo, na kuomba kuche. Mabaharia wanashusha mashua watoroke, wakisingizia kwenda kutia nanga za omo, yaani za mbele, na aliyewashtukia ni Paulo, mfungwa! Kisha anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya watu 276, anakula, nao wote wanapata moyo. Mahubiri mengi ya imani niliyoyasikia hayajanigusa kama mkate ule.

Filemoni nayo ilisomwa kwa utulivu. Mtaa wenyewe ndio uliokuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa 1873, na katika waraka huo Paulo anamwomba Filemoni ampokee mtumwa wake Onesimo kama ndugu mpendwa. Bibi mmoja wa Welezo akauliza kwa nini Paulo hakuandika waziwazi kwamba aachwe huru. Mwalimu hakumzima kwa jibu la haraka. Akamwomba asome tena waraka wote, ni sura moja tu, tukajadiliana na wengine wakabaki hawajakubaliana. Ndivyo darasa linavyotakiwa kuwa.

Lililoniuma ni Warumi: jioni moja kwa sura 16! Ibrahimu, sheria, neema, tumaini la viumbe vyote, yote yakapita mbio, na huo ndio moyo wa mafundisho ya Paulo. Ramani nazo zimefifia kwa kurudufiwa, Efeso na Mileto zimekuwa doa moja. Nawaomba waandaaji waigawe Warumi kwa Jumamosi tatu au nne, hata kozi ikirefuka. Atakayekwenda abebe Biblia yake na ramani inayosomeka, na wanaorudi Fuoni au Bububu wapange usafiri mapema, maana mjadala hauishi kwa saa iliyotangazwa.