Nimelipia PETG nikapewa PLA: uzoefu wangu na huduma ya kuprinti 3D hapa Tanga

"Plastiki ni plastiki tu, mzee." Hilo ndilo jibu nililopewa kaunta nilipolalamikia PETG na PLA, aina mbili za plastiki ya kuprintia, na kijana aliyelitoa hakunyanyua hata uso kutoka kwenye simu. Shikamoo nayo ilimshinda. Tanga hii! Jina la duka silitaji, lakini nilikuja kuwapa nyota moja tu, na huko mbele nitaeleza ni ya nani.

Kazi ilikuwa ya mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la ukutani: rafu ya spana kuanzia 8 hadi 19, vishikizo vya plaizi, na kipande chenye matundu ya bisibisi. La pili ni vibakuli vya droo, vya skrubu, nati na biti za drili. Michoro nimeichora mwenyewe kwenye FreeCAD, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, nikaipeleka kwenye flashi pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: UKUTANI PETG, DROO PLA. Kwenye risiti wakaandika PETG, bei wakatoza ya PETG, na PETG ni ghali zaidi hapo kwao.

Rafu ikafungwa kwenye ukuta wa mabati unaopigwa jua la alasiri. Haikuchukua muda, upande wa spana 17 na 19 ukaanza kushuka, mwishowe rafu nzima imelegea kama muhogo uliochemka. Nikairudisha dukani. "Umeiweka juani," kijana akaniambia. Sasa kishikizo cha spana cha karakana nikiweke kwenye friji?

Kwa ambao hawajui ugomvi uko wapi: PLA huanza kulainika karibu nyuzi joto 60, PETG huvumilia hadi karibu 80. Bati la Tanga saa tisa alasiri ukiligusa unatoa mkono haraka, na plastiki nyeusi inavuta joto zaidi. Tena PLA haisubiri ifike 60. Ikibebeshwa mzigo mfululizo, hata joto likiwa chini ya hapo, inajinyoosha polepole na hairudi ilivyokuwa. Kwa hiyo PLA ni ya droo na kabatini, basi. Ya ukuta wa bati, ya ndani ya gari lililoegeshwa juani, au ya kwenye bajaji, dai PETG, na ukiweza ASA, plastiki inayostahimili jua zaidi.

Kupima ni rahisi na hakuhitaji maabara. Chukua maji yaliyochemka, yaache yapoe hadi karibu nyuzi 70, tumbukiza kipande chembamba dakika moja au mbili, kisha jaribu kukikunja. PLA inakunjika kwa vidole viwili, PETG inabaki ngumu. Nilipima hivyo palepale kaunta kwa maji ya chupa ya chai ya mama anayeuza vitafunwa nje ya duka, na kipande kikakunjika mbele ya macho ya kijana. Akasema, "Basi watakuwa walichanganya roli za plastiki." Walichanganya nani? Yeye ndiye aliyeprinti!

Hilo la roli ningelisamehe. Kosa baya zaidi ni vishikizo vya plaizi. Vina umbo la L, na kwenye mashine vinatakiwa vilazwe ubavu, ili kila tabaka lifuate L nzima bila kukatika. Yeye kavisimamisha, mkono ukiangalia juu, pengine kwa kuona vinaenea vingi kwa mara moja kwenye sahani ya kuprintia. Pale tabaka linapoungana na tabaka ndipo printi ilipo dhaifu, kwa hiyo mzigo ukivuta, mkono unaachia pale pale kwenye shina. Ndivyo vilivyovunjika, kwa mkato ulionyooka kama wa msumeno. Ungeongeza ujazo wa ndani hadi asilimia 100 usingeokoa kitu. Kinachookoa ni mlalo sahihi, kuta nne badala ya mbili kwa nozeli (mdomo unaotoa plastiki) ya milimita 0.4, na pembe ya ndani ya L iviringwe milimita 4 au 5 badala ya kuachwa kali. Kuviringa nilishaweka kwenye mchoro, lakini mchoro haumzuii mtu kuusimamisha.

Haya, sasa nyota. Nyuma ya pazia kuna dada anayeendesha mashine, ambaye siku kazi ya ukutani ilipoprintiwa hakuwepo. Fungu la droo alilifanya yeye, na hapo sina neno. Vibakuli ni vya Gridfinity, mfumo wa vibakuli vinavyokaa juu ya kitako cha miraba, aliouanzisha Zack Freedman mwaka 2022: kila mraba milimita 42, kimo kwa hatua za milimita 7. Droo yangu kwa ndani ni 340 kwa 260, maana yake miraba 8 kwa 6, yaani 336 kwa 252, na zinabaki 4 na 8 za kujazia kingo. Sahani ya mashine yao ni 220 kwa 220, kitako kizima hakiingii. Bila kuulizwa, dada akakigawa vipande vinne vya miraba 4 kwa 3, vikakutana bila ufa. Kabla ya kugusa kibakuli cha biti chenye matundu akaprinti kwanza kijipande chenye matundu ya kujaribia, nafasi ya ziada milimita 0.2, 0.3, 0.4 na 0.5, akaniambia, "Mzee wangu, jaribu na biti zako mwenyewe." Tundu la printa hutoka dogo kuliko lilivyochorwa, na kila mashine ina kiasi chake. Ya kwao inataka 0.4: biti inaingia bila kulazimishwa na haichezi.

Kwa hiyo nyota tatu. Hata nne, kwa sababu rafu alinirudia upya kwa PETG halisi bila malipo, na roli aliikausha kwanza kwa nyuzi joto 65 kwa muda wa karibu saa sita. Unyevu wa pwani hii ukiingia kwenye PETG, plastiki inatoka na nyuzinyuzi huku nozeli ikipasuapasua. Rafu mpya iko kwenye bati lile lile na haijatikisika.

(Kishikizo cha nyundo msiwape kazi. Misumari miwili ya inchi tatu ukutani inatosha.)

Lakini vishikizo vya plaizi hawajanirudia, na tofauti ya bei ya PETG na PLA wanayo bado. Nilipouliza, kaunta alikuwa yuleyule: "Si umepewa rafu ya bure?" Basi nashuka hadi nyota mbili, na zote ni za dada. Ukienda pale, uliza kwanza kama yupo. Hayupo, ondoka na flashi yako.