Uuguzi wa kasi kwa mzazi: nyota tatu, na ya nne imekwama kwenye ratiba

Nilipoomba nafasi ya kusomea uuguzi nilikuwa na miaka 39, shahada ya ualimu wa jiografia, mke anayefanya kazi ghalani zamu ya usiku, binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka mitatu. Naanza na hayo kwa sababu tathmini nyingi za programu hizi huandikwa na vijana wasio na mtoto wa kumvalisha viatu asubuhi. Wao husifu maabara na kulalamikia maegesho. Mimi maegesho hayakunisumbua hata siku moja, maana nilikuwa nafika kabla ya jua.

Ninayoizungumzia ni programu ya uzamili wa uuguzi hapa Marekani, ile ya watu wenye shahada ya fani nyingine. Unaingia hujui kupima presha, na baada ya miezi 16 unatoka ukiwa na haki ya kufanya NCLEX-RN, mtihani wa leseni. Chuo sikitaji. Jambo moja liwekwe wazi mapema, kwa sababu kwenye darasa letu walikuwepo wawili waliokuja kulijua katikati ya safari: uzamili huu unakufanya muuguzi wa wodini mwenye shahada ya juu. Haukufanyi muuguzi bingwa wa kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Huyo ana masomo yake mengine mbele.

Kwa nini uzamili na si shahada ya kwanza ya pili, ambayo nayo ina njia ya kasi? Hesabu tu. Mwenye shahada tayari hapati ile ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu usiorudishwa, hata awe maskini vipi, na mkopo wa serikali kuu kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayejitegemea unaishia dola 12,500 kwa mwaka. Kwa uzamili ni dola 20,500. Ada yetu yote ilifika 58,000. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua, si mapenzi ya taaluma.

Ile miezi 16 ya kwenye tangazo, nyumbani kwangu ilikuwa karibu miaka mitatu. Kabla ya kuomba walitaka anatomia na fiziolojia sehemu zote mbili, mikrobiolojia, kemia, saikolojia ya makuzi na takwimu. Takwimu nilikuwa nayo, tena kwa alama nzuri, lakini ilikuwa na zaidi ya miaka saba, na kwao somo lililopita umri huo limekufa. Wastani ni uleule na mchepuo sanifu ni uleule, ila sheria ni sheria. Nikarudia kwenye chuo cha jamii, jioni mbili kwa wiki, nikiwa nimekaa kati ya watoto waliozaliwa mimi nikiwa sekondari.

Maombi yenyewe hupitia NursingCAS, mfumo mmoja unaotumiwa na vyuo vingi. Unaingiza kila somo ulilowahi kusoma, moja baada ya jingine, na alama yake. Kama shahada yako ni ya nje ya Marekani, lazima kwanza ithibitishwe na taasisi kama WES, somo kwa somo, na nakala rasmi zitoke kule ulikosoma. Chuo changu cha zamani kilichukua wiki kumi na moja kutuma bahasha moja. Mwenye shahada ya nje aanze hapo, insha ataiandika akiwa anasubiri.

Na insha nayo: rasimu yangu ya kwanza ilisema tangu utotoni napenda kusaidia watu. Mke wangu akaisoma mpaka mwisho wa aya ya kwanza, akaniuliza huyu ni nani. Nikaanza upya, nikaandika kuhusu mzee mmoja kwenye nyumba ya wazee nilikokuwa msaidizi wa muuguzi, aliyekataa kula mpaka nilipogundua kwamba meno yake ya bandia yamembana. Hiyo ndiyo iliyonipa usaili. Huko hawaulizi moja kwa moja watoto utawaacha na nani. Waliuliza nina msaada gani nyumbani. Nikajibu kwa kujiamini kwamba mimi na mke wangu tunapishana zamu, kwa hiyo mmoja wetu yupo daima. Nilisema nilichoamini.

Sasa nisifu, kwa sababu kuna cha kusifiwa. Ufundishaji ulikuwa wa hali ya juu. Mwalimu wa famakolojia, yaani somo la dawa, alikuwa na miaka mingi ya chumba cha wagonjwa mahututi, na kila dawa aliifundisha kwa kuanza na mgonjwa. Mtihani wa kukokotoa dozi ulidai asilimia 90, nafasi mbili tu, kisha kwaheri. Ukali huo niliuchukia Oktoba na kuushukuru Februari, siku niliyoshika kwa mara ya kwanza sindano ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ya mtu wa kweli.

Dawa nilizikariri na binti yangu. Nilikuwa naandika kadi, yeye ananisomea jina akiwa anakula uji wake, nami nataja kazi ya dawa. Baada ya mwezi akaanza kuona mambo mwenyewe. "Baba, hii nayo ni ya ukoo wa olol." Na kweli: metoprolol, atenolol, propranolol, zote hupunguza kasi ya moyo. Ukoo wa pril, lisinopril na wenzake, akaupa jina la wakohozi, kwa sababu nilimwambia huleta kikohozi kikavu. Mpaka leo nikimkabidhi mgonjwa lisinopril najikuta natega sikio. Yule mdogo alikuwa mgonjwa wangu wa mazoezi, kichwa hadi vidole, na malipo yake yalikuwa kushika stetoskopu yeye mwenyewe na kutangaza kwamba sofa halina moyo.

Basi nyota imekwama wapi? Kwenye ratiba ya mafunzo ya vitendo. Ya darasani tuliipata wiki nne kabla ya muhula, safi kabisa. Ya hospitali ilikuwa inatoka inapotoka. Muhula wa pili ilitufikia Ijumaa jioni, na Jumatatu ripoti ya zamu ilianza saa moja kasorobo asubuhi, hospitali iliyo mwendo wa dakika 45 kutoka kwangu. Kituo cha watoto hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu. Mke wangu huingia nyumbani saa mbili. Piga hesabu mwenyewe: kuna saa mbili na ushee ambazo baba yuko njiani, mama yuko njiani, na watoto wawili wamelala. Kule kupishana zamu nilikojivunia kwenye usaili kulikuwa na tundu, nalo lilikuwa kati ya alfajiri na saa mbili.

Jumamosi ile nilibisha mlango wa jirani, mama mwenye wavulana wawili ambaye kwa mwaka mzima tulikuwa tunasalimiana tu. Tukakubaliana: yeye anakuja kukaa kwetu alfajiri zangu za hospitali akiwa na kahawa yake, mimi nawachukua wavulana wake kila Jumapili mchana. Kwa hiyo nilisoma patofiziolojia yote ya figo, yaani jinsi magonjwa yanavyoivuruga kazi yake, uwanja wa michezo, nikiinua kichwa kila dakika mbili kuhesabu watoto wanne. Alama ilikuwa B. Naichukulia kama A.

Nilimwandikia mratibu. Alijibu kwa adabu kwamba nafasi hutolewa na hospitali, na hospitali nazo huchelewa kuthibitisha. Hilo nalikubali, wodi zinagombaniwa na vyuo kadhaa. Lakini mwenzangu aliyekuwa anasoma programu ya aina hiyohiyo kwenye chuo kingine, hospitali zilezile, alikuwa anapata yake wiki tatu kabla. Yaani inawezekana.

Ukiongeza kanuni ya kukosa, mambo huwa magumu zaidi. Ruhusa ni siku moja ya wodi kwa muhula, nayo hufidiwa. Mdogo aliamka na homa ya nyuzi 39 wiki ambayo nilishaitumia siku yangu kwa mazishi. Mke wangu alitoka kazini mapema na kupoteza mshahara wa nusu zamu, na tulipishana mlangoni bila kusemezana. Miezi ile kulikuwa na siku tulizungumza kwa kalenda ya kwenye friji tu: wino wa bluu wangu, mwekundu wake, kijani ni jirani. Alichoandika yeye Novemba, kwa mwekundu, juu ya Jumapili mbili: "Huyu mume ni wa nani?" Nikafuta zamu zangu za Jumamosi kule nyumba ya wazee mwezi ule wote. Chuo kilikuwa kimeshatushauri tangu mwanzo tusifanye kazi; ushauri mzuri kwa mtu ambaye kodi ya nyumba inalipwa na ushauri.

NCLEX niliifanya wiki sita baada ya kumaliza: dola 200, saa tano, maswali kati ya 85 na 150, na mashine hujizima ikisharidhika. Yangu ilizima kwenye la 92. Nilikaa kwenye gari nikiwa sina hakika nimefaulu au nimezama. Nilifaulu, na kwa upande huo programu ilitimiza ilichoahidi.

Kwa mzazi anayeulizia, kiwango cha ufaulu utakipata kwenye bodi ya uuguzi ya jimbo, na ithibati ya CCNE au ACEN, mashirika yanayokagua ubora wa programu za uuguzi, utaiona kwenye tovuti. Hayo usipoteze nayo dakika za usaili. Uliza hivi: ratiba ya wodi ya muhula uliopita ilitoka tarehe ngapi, na siku ya kwanza ya wodi ilikuwa tarehe ngapi? Wakikujibu kwa tarehe mbili, vizuri. Wakikujibu kwa neno "hujitahidi", tafuta jirani.

Nyota ya nne nilikuwa karibu kuitoa, kwa ajili ya yule mwalimu wa dawa. Kwenye wodi yangu kuna msaidizi wa muuguzi, mama wa mapacha, ambaye ameanza programu hiyohiyo. Wiki iliyopita alinionyesha simu yake: ratiba ya Jumatatu, imetumwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni.